Mji na Nyumba Zake (4): Korido ya Vyumba Sita

Magomeni Kota imerudi midomoni mwa watu. Machi 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua maghorofa yale, ilitimizwa ahadi aliyoitoa Hayati John Magufuli Septemba 2016. Familia 644 zilizoondolewa kwenye kota za zamani zingerudishwa palepale, tena zingekaa miaka mitano bila kulipa kodi. Siku hazigandi, na miaka hiyo sasa inaelekea ukingoni. Vijiweni gumzo ni namna wakazi watakavyozinunua nyumba hizo, kwa bei gani, na watalipa kwa muda gani.

Ni swali la maana, na litapewa nafasi yake huko mbele. Lakini wanaouliza bei ya ghorofa ni wengi, na wanaouliza ghorofa limechukua nafasi ya nyumba ya aina gani ni wachache mno.

Msomaji aliyefuatilia sehemu tatu zilizopita anazikumbuka kanda za Wajerumani za mwaka 1914, jinsi Waingereza walivyozirithi bila haya, na jinsi Mnazi Mmoja ulivyoachwa wazi ili Kariakoo isigusane na Uhindini. Leo safari inavuka bonde la Msimbazi kwenda Magomeni na Kinondoni, kisha inashuka kusini hadi Temeke.

Wakazi wa huko wakiwa safarini Mwanza au Songea husema wanatoka Dar, basi. Kwenye makaratasi mambo ni mengine. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa, hadhi ya jiji imekaa Ilala peke yake. Kinondoni na Temeke ni manispaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 982,328 Kinondoni na 1,346,674 Temeke. Yaani Kinondoni, ambayo si jiji, ina watu wengi kuliko Jiji la Dodoma na kuliko Jiji la Arusha. Hii ni miji kamili, na sehemu kubwa yake haikujengwa na shirika wala kampuni. Ilijengwa na makarani wa ngazi ya chini, makuli wa bandarini, mafundi cherehani, madereva na wauza samaki, chumba baada ya chumba.

Chombo walichotumia ni nyumba ya vyumba sita, ambayo vitabu vya mipango miji huiita nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza. Mlango mkubwa uko katikati, na ukiingia unakutana na korido iliyonyooka hadi mlango wa nyuma: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Ukitoka nyuma uko uani, penye jiko, bafu, choo, kamba za nguo na mapipa ya maji. Kwa kawaida humo humo uani huota banda la vyumba viwili au vitatu vya ziada, jambo ambalo kiwanja hakikulipanga lakini mfuko wa mwenye nyumba ulilidai.

Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilifungwa na urefu wa boriti: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti wa mkoko uliobeba dari. Nyumba ya Magomeni haikuwa na dari ya mawe ya kubeba, kwa hiyo fundi alikuwa huru zaidi. Hakuhitaji mchoro. Ramani ilikuwa kichwani. Alikuja na kamba na vigingi, akapima, akachimba, na jioni ileile mtu angeweza kusimama kwenye korido ambayo haijajengwa na kuonyesha chumba cha nani kitakuwa wapi. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, ambacho nacho kiko Kinondoni, kilipoanza kuzalisha mwaka 1966, udongo ulianza kupisha tofali. Mpango wa nyumba haukubadilika hata kidogo. Tofali lilikaa pale pale uliposimama udongo.

Uzuri wake mkubwa, ambao wataalamu walichelewa kuuona, ni wa kifedha. Mtu alianza na vyumba vya upande mmoja. Akahamia kimoja, vingine akapangisha. Kodi ya hivyo ndiyo iliyonunua mabati na mbao za upande wa pili. Nyumba ilijijenga yenyewe huku mwenyewe akilala ndani, bila benki na bila hati ya dhamana. Benki ya Nyumba iliyoundwa miaka ya 1970 ilikufa mwaka 1995; korido ya vyumba sita ilikuwa ikikopesha kabla ya benki hiyo kuzaliwa na iliendelea kukopesha baada ya kuzikwa.

J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeichunguza Dar es Salaam mwaka 1956 na ambaye kitabu chake kilichapishwa 1963, aliyaona mengi ya haya. Alikuwa na macho ya mkoloni, na kurasa nyingine zake zinakera. Hata hivyo aliingia uani, akauliza nani anapanga kwa nani, wametoka wapi, wanakula na nani. Wapo wasomi wa leo wanaoandika kuhusu makazi ya Manzese wakiwa wameiona kwa picha za setilaiti tu. Wangefanya vyema kumsoma.

Mipango mikuu ya jiji ilikuja mmoja baada ya mwingine: wa 1949 ulioandaliwa na kampuni ya Alexander Gibb ya Uingereza, wa 1968 na wa 1979, yote miwili ya Wakanada. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 likaanza kubomoa vibanda vya udongo na kujenga upya, hadi hesabu zilipoonyesha kwamba kwa mwendo ule wageni wanaoingia mjini wataendelea kuwa wengi kuliko nyumba. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo. Ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nazo zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Mjini kati familia zilipoteza maghorofa kwa siku moja. Magomeni na Temeke nyumba ya vyumba sita ilikuwa ndogo mno kutazamwa, ikanusurika kwa udogo wake.

Kisha serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikabadili njia. Badala ya kujenga nyumba ikapima viwanja, ikachonga barabara, ikaleta mabomba ya maji, na ujenzi ikawaachia watu. Ndivyo zilivyozaliwa Sinza na Kijitonyama, ndivyo Manzese ilivyoboreshwa badala ya kubomolewa, na awamu iliyofuata ikagusa Mtoni, Tandika na Mbagala. Watu walipoachiwa uamuzi walijenga nini? Anayetaka jibu na apite mitaa ya Sinza ya zamani, ahesabu milango mikubwa yenye madirisha mawili pande zote.

Hata historia ya uhuru ilipita kwenye mitaa hii. Mwalimu Nyerere, baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, aliishi Magomeni na familia yake, na nyumba ile leo ni makumbusho. Wageni hupelekwa kuona vitanda na redio. Ni wachache wanaoambiwa watazame pia mtaa wenyewe: mkutano wa chama haukuhitaji ukumbi mahali ambapo kila nyumba ilikuwa na baraza, na habari haikuhitaji gazeti ilipoweza kupita uani kwa uani hadi Kinondoni kabla ya adhuhuri.

Na ndani ya korido watu wanaishi vipi? Asubuhi mtu anatoka chumbani na ndoo, anakuta mwingine yuko bafuni, anasimama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, bado kidogo." Sakafuni, kila mlango una jozi zake za ndala. Mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima, na hapo ndipo siasa za korido zinapoanzia. Mwenye friji achangie kiasi gani? Anayepiga pasi kila siku je? Yule kijana wa chumba cha mwisho anayesema ana taa moja na chaji ya simu, mbona muziki wake unasikika hadi barabarani? Yuniti zikiisha saa tatu usiku, kila mmoja hujikausha gizani akisubiri mwingine aishiwe uvumilivu, mpaka mama mwenye nyumba anapita akigonga milango na kudai mchango. Zamu ya kufagia ua imebandikwa ukutani. Anayeiruka hasemwi usoni. Husemwa kwa sauti wakati wa kuosha vyombo, naye anasikia.

Lakini mpangaji huyohuyo akifiwa, turubai linafungwa barabarani mbele ya baraza ileile, wapangaji wote wanahamishia majiko nje, na daftari la rambirambi linashikwa na yule aliyegombana naye juzi kwa sababu ya umeme. Mtoto wa mama anayekwenda kuuza Tandika alfajiri huamshwa na mama wa chumba cha jirani. Hakuna manispaa iliyoweka huduma hiyo kwenye bajeti.

Ni kweli choo kimoja kwa familia sita si jambo la kujivunia, na kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia Kinondoni. Dawa yake ni maji, mifereji na vyoo bora. Waliotaka kuitibu nyumba kwa kuibomoa walitibu kisichoumwa.

Kinachosikitisha ni kinachokuja badala yake. Pita Mikocheni au Mbezi Beach utazame kuta: tofali juu ya tofali, juu yake vipande vya chupa, juu ya chupa nyaya za umeme. Baraza imegeuka kibanda cha mlinzi. Watu wanaishi miaka kumi wakitenganishwa na ukuta mmoja na hawajui jina la jirani, kisha wanalalamika kwamba mjini hakuna utu. Utu waliuzungushia ukuta wao wenyewe, na fundi walimlipa.

Turudi kwenye habari. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, thamani ya viwanja vya Magomeni na Manzese ilibadilika, na njia zake zilipofikishwa Mbagala kupitia Barabara ya Kilwa upepo huo ulivuma Temeke pia. Nyumba ya vyumba sita aliyoiacha babu ina warithi wanane. Dalali anapokuja na bei, warithi hugawana, mnunuzi anapandisha ghorofa au nyumba ya wageni, na ndugu wanahamia Chanika, Chamazi au Bunju. Wapangaji hawamo kwenye mgawo. Wao wanaanza upya kutafuta kodi ya miezi sita ya kulipa kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali.

Wakazi wa Kota, kwa hiyo, wana bahati ambayo wengi hawana: walirudishwa palepale. Wakishazinunua nyumba hizo, kitakachofuata ni Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, inayotaka wenye nyumba katika jengo moja waunde chama cha kusimamia maeneo ya pamoja. Nani atalipia pampu ya maji ikiungua? Taa za ngazini ni za nani? Waliozoea mita moja ya LUKU wanayajua maswali haya vizuri kuliko mwanasheria yeyote.

Kwa wasanifu wanaofundishwa Chuo Kikuu Ardhi, ombi ni moja. Ghorofa linalofuata likichorwa kwa ajili ya watu wa Temeke, kila sakafu iachiwe ua: pa kuanika nguo, pa kuweka jiko la mkaa, pa watoto kucheza wakionekana, pa kufungia turubai. Mita za mraba zitakazopungua vyumbani hazitafidiwa na kodi, na wawekezaji watanuna. Waache wanune.

Wiki ijayo: Tandika, soko lililotangulia barabara.