Kengele ya moshi nyumbani kwa mkulima: ifungwe wapi, itunzwe vipi

Mavuno yameingia, na nyumba nyingi ninazopita kuanzia Bahi hadi Kongwa nazikuta zimegeuka ghala. Chumba cha kwanza viroba vya alizeti vimepangwa hadi juu, cha pili mashudu pamoja na vifaranga wa wiki moja, ukumbini dumu la petroli ya pampu. Kwenye soketi moja kuna ekstensheni inayochaji simu nne, pampu ya kupulizia dawa na taa ya sola. Usiku ukiingia, familia nzima inalala humo humo. Milango imefungwa kwa kufuli, madirisha yana nondo.

Tunaongea sana kuhusu bima, masoko na mikopo. Kuhusu moto wa nyumbani hatuongei hadi utokee. Leo naomba tukizungumzie kifaa kimoja kidogo ambacho katika nyumba hizo sijakiona hata mara moja: kengele ya moshi. Ni kiboksi cha plastiki cha duara, kama kisahani cha kikombe kwa ukubwa, kinachofungwa juu na kulia kwa nguvu kinapopata moshi.

Najua utasema, "Afisa, mimi moshi nitausikia harufu." Ukiwa macho, sawa. Ukiwa usingizini pua haikuamshi. Harufu ya moshi peke yake mara nyingi haitoshi kumtoa mtu usingizini, na hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi inazidi kukulaza. Wengi wanaofia kwenye moto wa nyumba wanauawa na moshi kabla ya kuguswa na moto wenyewe. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, hapo jirani zetu Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafariki. Septemba 2020 ikawa bweni la shule ya msingi kule Kyerwa, Kagera, watoto 10. Usiku, watu wamelala, ndani kumejaa magodoro na vitu vinavyoshika moto haraka. Sasa linganisha na chumba chako chenye magodoro, viroba na maranda ya mbao.

Halafu kuna suala la umbali. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike kwenye simu yako sasa hivi. Lakini kama shamba lako liko ndani ndani huko Chemba au Mpwapwa, fanya hesabu mwenyewe gari litatumia muda gani kukufikia kwa barabara ile. Moto wa ndani ya nyumba unakupa dakika chache tu za kutoka. Kwa hiyo huku kwetu anayekuokoa ni yule anayekuamsha mapema. Wenzetu wa Marekani, ambako kengele hizi zimeenea tangu miaka ya 1970, takwimu zao zinaonyesha kwamba moto ukitokea kwenye nyumba yenye kengele inayofanya kazi, vifo vinakuwa pungufu kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na nyumba isiyo nayo. Zingatia hapo: inayofanya kazi. Nitalirudia hilo kwenye matunzo.

Ununue ipi

Dukani utakutana na aina mbili kubwa. Moja ni ya ayoni, ambayo inawahi moto wa miali ya haraka, lakini inapiga kelele ovyo ukikaanga vitunguu. Nyingine ni ya fotoelektriki, inayotumia mwanga mdogo ndani yake na kuugundua moshi unaosambaa kwenye mwanga huo. Hii inawahi zaidi moto unaofuka polepole, na moto wa mkulima mara nyingi ndivyo unavyoanza: godoro, gunia, maranda, waya uliopata joto nyuma ya viroba. Ushauri wangu ni fotoelektriki. Angalia alama ya EN 14604 au UL 217 kwenye kifaa. Kisicho na alama yoyote kiache hapo hapo dukani hata kama bei inavutia. Ukipata yenye betri iliyofungiwa ndani ya kudumu miaka 10 ni bora zaidi, na nitakwambia kwa nini. Usinunue inayotegemea umeme wa TANESCO peke yake isiyo na betri ya akiba. Umeme ukikatika, au waya ukiwa ndio unaoungua, itakuwa pambo tu.

Ufunge wapi, hasa nyumba isiyo na dari

Hapa ndipo maelekezo ya kwenye boksi yanapotuacha njiani, kwa sababu yameandikwa kwa nyumba zenye dari. Kama nyumba yako ina dari ya jipsamu au mbao, kazi ni rahisi. Funga katikati ya dari, au angalau sentimita 30 kutoka ukutani, maana kwenye kona hewa haizunguki. Weka kila chumba cha kulala, na nyingine kwenye korido au ukumbi unaounganisha vyumba. Isikae karibu na jiko. Iache umbali wa mita 3 hivi, isipigwe na mvuke wa bafuni wala upepo wa feni. Kama fedha inatosha kengele moja tu kwa sasa, ianzie pale nje ya vyumba mnapolala.

Nyumba nyingi zetu lakini ni tofali za kuchoma na bati tupu. Bati la Dodoma mwezi Oktoba saa nane mchana unalijua mwenyewe, na kengele nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40 hivi. Ukiigongomelea kengele kwenye bati utaiua mapema. Pia hewa moto iliyojikusanya chini ya bati inaweza kuuzuia moshi usifike juu kabisa, ukabaki unaelea chini yake. Kwa hiyo, usifunge kwenye kilele chenyewe. Chukua kipande cha ubao, kining'inize kwenye mbao ya kenchi karibu na kilele lakini chini yake kidogo, kisha funga kengele kwenye ubao huo. Soma karatasi iliyokuja nayo uone kiwango cha joto inachovumilia. Kama chumba chako kinapita hapo, ishushe hadi kwenye ukuta, juu ya usawa wa mlango. Haitakuwa na wepesi ule ule, ila itaishi.

Jambo jingine, kuta za ndani za nyumba hizi mara nyingi haziendi hadi kwenye bati. Moshi wa stoo unaruka ukuta na kuingia chumba cha watoto bila hodi. Ukinunua kengele ya chumbani, basi, fahamu kwamba inalinda pia dhidi ya kile ulichokihifadhi chumba cha pili. Na kama bado uko kwenye tembe, paa lake liko chini na moshi unajaa haraka, kwa hiyo usidhani udongo wa juu unakukinga. Nguzo, fito na vitu vya ndani vinaungua kama kawaida.

Stoo na banda la vifaranga

Watu wananiuliza, nifunge kengele ndani ya banda la kuku? Hapana. Vumbi la manyoya na maranda, pamoja na ile hewa kali ya kinyesi, vitaiharibu ndani ya muda mfupi, na kabla haijafa itakuwa inalia kila siku hadi uichukie. Kwa banda na kwa jiko la kupikia tafuta kengele ya joto, ambayo haijali vumbi wala moshi bali inalia joto likifika nyuzi 57 au 60 hivi. Inachelewa kuliko ya moshi, lakini kwa mahali pale ndiyo inayofaa.

Sasa kama banda liko mita 25 kutoka nyumbani, usitegemee utaisikia. Kengele ya kawaida inatoa desibeli 85 ukiwa mita 3 kutoka ilipo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti inapungua, halafu weka kuta mbili katikati na mvua juu ya bati. Kuna zile zinazoungana bila waya, ya bandani ikishtuka na ya chumbani inalia. Kwa mwenye vifaranga 500 ndani ya maranda, taa ya joto ikining'inia kwa kamba, mimi naona hiyo ni sehemu ya gharama ya banda kama ilivyo chanjo.

Mashudu nayo yaangaliwe. Yakihifadhiwa yakiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine, au yenye unyevu na mafuta mengi, yanajipasha joto yenyewe ndani ya rundo hadi kuwaka. Yaache yapoe kwanza, panga viroba kwa mapengo ya hewa. Petroli haina nafasi ndani ya nyumba inayolaliwa; mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na jiko. Hapo hakuna kengele itakayokuwahi.

Mkaa ni jambo jingine kabisa

Hili nalisisitiza kwa wenye bruda. Kengele ya moshi haitambui kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mkaa. Mkaa uliokolea vizuri hautoi moshi, kengele itakaa kimya, na mtu aliyelala humo haamki. Juni na Julai, baridi ya uwanda wetu inapokaza, kuna vijana wanahamia kulala bandani kulinda jiko la vifaranga. Usilale humo. Amka, kagua, rudi kwako. Kaboni monoksaidi ina kengele yake maalumu, inauzwa peke yake au ikiwa imeunganishwa na ya moshi, na hata ukiwa nayo madirisha ya banda yaachwe na upenyo.

Matunzo

Huko zilikoenea, kengele zinazoshindwa kulia wakati wa moto mara nyingi zimeng'olewa betri au betri imekufa. Huku kwetu ninajua itakavyokuwa: betri ya kengele itahamia kwenye rimoti au tochi. Ndiyo maana nikapendekeza yenye betri ya kufungiwa. Kama yako ni ya betri ya kubadilisha, ibadilishe kila mwaka, na mwezi rahisi kuukumbuka ni ule mnaouza alizeti. Ikianza kutoa mlio mfupi mmoja kila baada ya dakika moja hivi, inaomba betri.

Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, watoto wakiwepo, wauzoee mlio. Vumbi letu la kiangazi ni tatizo la kweli, kwa hiyo kuanzia Julai hadi mvua za Desemba ifute kila mwezi kwa brashi kavu ya rangi, hasa kwenye vitundu vya pembeni ambako buibui wanapenda kukaa. Usiipake rangi, usiipulizie dawa ya mbu. Na ukifukiza ghala kwa vidonge vya fosfini, itoe kwanza, kwani gesi ile inakula shaba iliyo kwenye vifaa vya umeme. (Kufukiza ndani ya nyumba mnayolala haramu kabisa, hilo tulishaongea.) Nyuma yake kuna tarehe ya kutengenezwa, ikitimiza miaka 10 itupe hata kama bado inalia ukiijaribu.

Ikilia usiku

Watoto wengi hawaamki kwa mlio wa kengele, hata ukiwa mkali. Kwa hiyo mpangeni mapema nani anamchukua nani. Ufunguo wa kufuli la mlango utundikwe kwenye msumari mmoja, karibu na mlango, asiuguse mtu kwa shughuli nyingine. Nondo za dirisha la chumba cha watoto mwambie fundi azifunge kwa bawaba, zifunguke kwa ndani. Moshi ukiwa umeshatanda inama chini, hewa safi iko karibu na sakafu. Mkishatoka msirudi kufuata viroba wala simu. Hesabuneni chini ya mti mliokubaliana, kisha pigeni 114 na muite majirani.

Zoezi lifanyeni usiku, taa zikiwa zimezimwa, mtu mmoja abonyeze kitufe na mwingine aangalie saa. Kama inawachukua zaidi ya dakika mbili kufika kwenye ule mti, angalieni mlikwamia wapi: kwenye kufuli, au kwenye viroba vilivyopangwa koridoni.