Usasishaji wa Programu katika Kompyuta Zisizo na Diski: Ufafanuzi kwa Vituo vya Michezo ya Kompyuta vya Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna programu zinavyosasishwa katika kituo cha michezo ambacho kompyuta za wateja hazina diski, bali huwashwa na kuhudumiwa na seva moja kupitia mtandao wa ndani. Yanaeleza utendaji wa mfumo huo, sababu za kuusasisha, hatari zake na hatua za kuzipunguza, kwa kuzingatia mazingira ya miji ya Mbeya na Iringa. Hoja kuu ni kwamba mfumo huu hupunguza gharama ya kusasisha, lakini hukusanya hatari yote mahali pamoja. Faida yake hupatikana pale tu sasisho linapofanyiwa majaribio na toleo la zamani linapohifadhiwa.

1.0 Utangulizi

Mbeya na Iringa ni miji ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa ni baadhi ya taasisi zinazoikusanya hadhira ya vijana ambayo vituo vya intaneti na michezo huitegemea. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita katika ukanda huu kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi. Hata hivyo, kuwapo kwa mkongo hakuondoi gharama ya kifurushi wala kukatika kwa umeme. Mmiliki wa kituo hukabiliwa na swali la kila wiki: michezo na mifumo endeshi isasishwe vipi bila kufunga biashara?

2.0 Utendaji wa Kompyuta Isiyo na Diski

Kompyuta ya kawaida husoma mfumo endeshi kutoka katika diski yake. Kompyuta isiyo na diski hutegemea kadi ya mtandao. Inapowashwa, kadi hiyo hutangaza mtandaoni kwamba inahitaji anwani. Seva hujibu kwa itifaki ya DHCP, ikitoa anwani pamoja na jina la faili la kuanzia. Faili hilo dogo hupakuliwa, mara nyingi kwa itifaki ya TFTP. Utaratibu huu wote huitwa PXE, nao ulienezwa na kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990. Baada ya hapo kompyuta huunganishwa na taswira ya diski iliyomo katika seva, kwa mfano kwa itifaki ya iSCSI, na kuisoma kana kwamba diski hiyo imo ndani yake.

Taswira ni faili moja kubwa lenye mfumo endeshi na programu zote. Kompyuta zote huisoma taswira hiyohiyo, lakini haziruhusiwi kuibadilisha. Chochote ambacho mteja anakiandika huwekwa katika akiba ya muda, na akiba hiyo hufutwa kompyuta inapozimwa. Michezo, kwa kuwa ni mikubwa, kwa kawaida huwekwa katika taswira ya pili.

3.0 Faida ya Kusasisha Mara Moja

Chukulia kituo chenye kompyuta 20 na mchezo mmoja unaohitaji sasisho la gigabaiti 30. Kama kila kompyuta ina diski yake na kila moja inajipakulia, kituo kitahitaji gigabaiti 600. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa 66, yaani karibu siku tatu mfululizo. Katika mfumo usio na diski, gigabaiti 30 hupakuliwa mara moja tu, kwa saa 3 na dakika 20. Sasisho lililoanza baada ya wateja kuondoka usiku huwa limekamilika kabla ya alfajiri.

Mzigo huo, hata hivyo, hautoweki. Unahama kutoka intaneti kwenda katika mtandao wa ndani. Iwapo kompyuta hizo 20 zitawashwa kwa pamoja, na kila moja ikasoma gigabaiti 2, seva italazimika kutoa gigabaiti 40. Kwa waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, kazi hiyo haiwezi kupungua sekunde 320. Ndiyo maana umeme unaporejea baada ya kukatika, inafaa kompyuta ziwashwe kwa makundi, au seva iunganishwe na swichi kwa waya wa gigabiti 10.

4.0 Hatari za Kutosasisha

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta inayojifuta kila inapozimwa haihitaji viraka vya usalama. Imani hiyo ina ukweli nusu. Kuizima na kuiwasha huondoa kirusi kilichoingia, lakini hurudisha pia tundu ambalo kirusi kilipitia, kwa sababu tundu limo katika taswira yenyewe. Aidha, diski za seva hazijifuti.

Mfano ulio wazi ni kirusi cha WannaCry kilichosambaa kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kuzifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tarehe 14 Machi 2017. Waathirika wengi walikuwa na takriban miezi miwili ya kuziba ufa. Kirusi hicho kilihama chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao mmoja, hali ambayo ndiyo umbo halisi la kituo cha michezo.

Suala hili lina uzito wa pekee sasa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huhitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Mmiliki aliyenunua kompyuta za mitumba analazimika kuchagua kati ya kubadilisha vifaa, kuhamia Linux kwa kutumia mradi kama LTSP ulioanzishwa mwaka 1999, au kuendelea na mfumo unaozidi kuwa wazi kwa mashambulizi.

5.0 Hatari za Kusasisha Ovyo

Sasisho lenyewe laweza kuwa ajali. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilihitaji fundi azifikie moja baada ya nyingine. Katika kituo kisicho na diski, kasoro ya namna hiyo huangusha kompyuta zote kwa mpigo, lakini huweza kutibiwa kwa kurejesha taswira moja. Sharti ni moja: taswira ya jana iwe imehifadhiwa.

Chanzo kingine cha ajali ni tofauti za vifaa. Kituo kilichojengwa kwa kompyuta za aina mbalimbali hutumia taswira moja kwa kadi tofauti za picha na za mtandao. Sasisho la programu ya kiendeshi linaloifaa kompyuta moja laweza kuizuia nyingine isiwake kabisa, hasa likigusa kadi ya mtandao ambayo ndiyo njia pekee ya kuifikia diski.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kwanza, nakala ya taswira itengenezwe kabla ya badiliko lolote, na nakala nyingine ihifadhiwe nje ya seva. Pili, kompyuta moja ifunguliwe kwa ruhusa ya kuandika, nayo ndiyo ipokee sasisho. Tatu, toleo jipya lijaribiwe kwa kompyuta moja ya kila aina iliyopo kituoni. Nne, likifaulu, litolewe kwa kompyuta chache kwa siku moja, kisha kwa zote. Tano, programu ya usimamizi wa seva isisasishwe siku moja na taswira, ili hitilafu ikitokea chanzo chake kijulikane. Sita, kazi hii isifanyike mkesha wa siku yenye wateja wengi.

Seva na swichi ziwekewe kifaa cha UPS. Umeme ukikatika wakati taswira inaandikwa, faili zima laweza kuharibika, na hasara hiyo si ya kompyuta moja bali ya kituo kizima. Diski za seva ziwekwe mbilimbili, kwa kuwa kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, ni kufunga mlango kwa siku kadhaa.

7.0 Hitimisho

Kompyuta isiyo na diski humpunguzia mmiliki kazi ya mikono, lakini haimpunguzii wajibu. Kazi iliyokuwa imetawanyika katika kompyuta 20 sasa imo katika faili moja, na faili hilo hustahili uangalizi uleule ambao mfanyabiashara huupa daftari lake la hesabu. Kituo chenye nakala iliyojaribiwa hupoteza saa moja sasisho linapoharibika. Kituo kisicho nayo huanza upya, huku wateja wakihamia mtaa wa pili.