Je, wajua? Kirusi cha shotikati hakirudi, huwa hakijaondoka

Chomeka flashi iliyotoka steshenari ya mtaani hapa Arusha, iwe Kaloleni au Sakina, kisha itazame vizuri ile folda kabla hujaibofya. Chini kushoto pana mshale mdogo. Jina ni lilelile, tuseme "Picha za harusi", lakini ukubwa wake ni kilobaiti chache, hautoshi hata picha moja. Hiyo si folda. Ni shotikati, na kirusi kimejibanza nyuma yake.

Kirusi hiki hakifuti kitu. Kikiingia kwenye flashi huyapachika mafaili yako alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, ili Windows isiyaonyeshe, halafu hutengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, amri mbili hutekelezwa kwa mpigo. Ya kwanza huamsha wscript.exe, programu halali ya Windows yenyewe, isome skripti ya kirusi. Ya pili hufungua folda yako halisi. Picha unaziona, unaendelea na shughuli zako, hushuku lolote. Wakati huohuo skripti imeshajinakili kwenye folda ya AppData na kujiandikisha kwenye rejista, iamke kila mashine inapowashwa. Kuanzia hapo, kila baada ya sekunde chache hukagua kama kuna flashi mpya imechomekwa.

Sasa fikiria mtu anayeifomati flashi yake kwenye mashine hiyohiyo. Kabla hajaichomoa, kirusi kimeshaiambukiza upya. Mwingine anasafisha mashine vizuri kabisa, kisha jioni anachomeka flashi ya pili iliyokuwa kwenye droo. Wafugaji wa Monduli wanaijua hesabu hii: ukimpeleka ng'ombe mmoja joshoni na kundi likabaki na kupe, umepoteza dawa.

Na Arusha flashi hazikai mahali pamoja. Kuna ya nyimbo za kwenye gari, ya filamu zilizotafsiriwa, kadi ya kamera ya mwongoza watalii aliyetoka Serengeti, ripoti ya mafunzo kwa vitendo inayopelekwa kuprintiwa. Mashine moja ya steshenari karibu na chuo huweza kupokea flashi za watu kadhaa ndani ya saa moja, na kila mmoja huondoka na alichokikuta.

Njia hii ya kueneza virusi ni ya zamani kuliko intaneti ya majumbani. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza kirusi kiitwacho Brain, nacho kilivuka bahari ndani ya diski laini zilizokuwa zikipita mikononi mwa watu. Mwaka 2008 hata jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi kwenye kompyuta zake baada ya kuingiliwa kwa njia hiyo, na usafishaji ukachukua zaidi ya mwaka. Microsoft nayo ilizuia flashi kujiendesha zenyewe, kwanza kwenye Windows 7 mwaka 2009, kisha Februari 2011 kwa matoleo ya nyuma. Virusi vilivyotegemea faili la autorun vikapungua nguvu. Cha shotikati hakikujali, maana chenyewe kinasubiri kidole chako tu.

Wengi wakichoka humwita fundi awapigie Windows upya. Mara nyingi fundi hufomati diski ya C peke yake, ya D inaachwa kwa sababu ndiko ziliko picha za familia. Huko D ndiko zinakobaki programu za kusakinisha, na kuna virusi kama Sality, kilichogunduliwa 2003, vinavyojipachika ndani ya mafaili ya exe. Ukisakinisha programu moja tu ya kuchezea video kutoka humo, umerudi ulikotoka. Halafu kuna ile programu ya kuamilisha Windows isiyolipiwa, inayokutaka kwanza uzime antivirusi. Mimi nasema hapo umemfungulia mwizi mlango na kumshikia taa.

Kinachoniuma zaidi ni mwanafunzi anayekuta flashi imejaa shotikati, akaamini tasnifu yake imepotea, akafomati. Tasnifu ilikuwemo humohumo. Aliyeifuta ni yeye, siyo kirusi.

Basi anza na mashine, flashi zote zikiwa zimechomolewa. Fungua Task Manager, uisimamishe wscript.exe ukiikuta, na kwenye orodha ya programu zinazoamka zenyewe uzime usizozijua. Kisha, kama una Windows 10 au 11, ingia Windows Security uchague ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka, na ukaguzi utafanyika kwa kama dakika 15 kabla Windows haijaamka, kirusi nacho kikiwa bado kimelala.

Baada ya hapo kusanya flashi zote za nyumbani, pamoja na kadi za kumbukumbu za simu na kamera, uzimalize siku hiyohiyo. Usibofye kitu ndani yake. Fungua dirisha la amri uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. Folda zako zitajitokeza. Zinakili kwenye mashine iliyokwisha kusafishwa, shotikati na skripti uziache, na hapo ndipo ufomati flashi. Herufi E ibadilishe kulingana na ile ambayo kompyuta yako imeipa flashi.