Tusilidharau Karai

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana, nilimfukuza darasani mwanafunzi mmoja kwa kosa la kupiga mdundo juu ya karai la kuoshea sakafu. Nilimwambia kuwa huo ulikuwa upuuzi, wala si muziki. Leo, kila nikitafakari asili ya kundi moja la wanamuziki wa Marekani, natambua kwamba mpuuzi nilikuwa mimi.

Kundi hilo liliitwa Hoosier Hot Shots. Hoosier ni lakabu ya wenyeji wa jimbo la Indiana, na huko ndiko walikozaliwa ndugu wawili, Ken na Paul Trietsch. Walilelewa shambani na baba aliyepiga banjo, na muziki wakaujulia papo hapo nyumbani. Katika miaka ya 1920 walijiunga na bendi ya vichekesho ya Ezra Buzzington, iliyojifanya ya washamba, na humo wakashirikiana na Gabe Ward, mpiga klarineti. Dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, pamoja na ujio wa sinema zenye sauti, ilipoua kumbi za maonyesho, wenzetu hawa walikimbilia redioni. Mwaka 1933 wakaingia WLS ya Chicago, kituo kilichomilikiwa na gazeti la wakulima, Prairie Farmer, na kilichovuma kwa kipindi chake cha Jumamosi usiku, National Barn Dance.

Paul, aliyejulikana zaidi kama Hezzie, alipiga ubao wa kufulia nguo, alioufungia honi, kengele na vikorokoro vingine. Ken, mwenye gitaa, alizoea kumwuliza kwanza iwapo yuko tayari, ndipo wimbo uanze. Wasikilizaji walicheka. Hata hivyo, msomaji mpenzi, kicheko hicho kisikuhadae. Honi inayolia nje ya mapigo haichekeshi; hukera. Mzaha wa aina hiyo hudai sikio makini na mazoezi ya miaka, na darasa lao la kwanza lilikuwa jamaa yao wenyewe.

Sisemi kwamba tuyatupe madaftari ya nota, au tuache vipindi vivurugwe na kila mwenye kijiti. La hasha! Nasema tu kwamba mwalimu anapoisikia kelele, heri asikilize kwanza kabla ya kuhukumu. Nawe mwanafunzi, usione haya kuuleta shuleni mdundo uliojifunza kwa babu yako au penye kinu cha mama yako.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mvulana yule alikuwa akicheza kwao, nami sikumtunza, nilimwonyesha mlango. Hakuligusa tena karai lile mpaka alipomaliza masomo. Endapo ameyasoma haya, namwomba radhi.