Amri za Symfony: Vigezo vya Mipangilio Vinapatikanaje? (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu iliyopita tuliandika amri ya Symfony na kuiendesha kwa php bin/console. Leo tunaingia kwenye swali linalowasumbua wengi: vigezo vilivyomo kwenye faili ya mipangilio, amri inavipataje?

Chukua amri inayofuta faili kuukuu kila usiku. Muda wa kuzihifadhi umeandikwa ndani ya config/services.yaml, chini ya parameters, hivi: app.siku_za_kuhifadhi: 30.

Enzi za Symfony 2, iliyotoka mwaka 2011, klasi ya amri ilirithi ContainerAwareCommand, kisha ndani ya execute() mtu akaandika $this->getContainer()->getParameter('app.siku_za_kuhifadhi'). Klasi hiyo iliwekwa kwenye orodha ya vitu vya kuachwa katika toleo 4.2, mwaka 2018, na toleo 5.0 la mwaka 2019 likaifuta kabisa. Anayeinakili leo ataambiwa klasi haipo.

Ilistahili kufutwa. Konteina ndiyo inayounda huduma zote za programu. Amri ikikabidhiwa konteina nzima inaweza kuchokonoa chochote, na anayesoma msimbo hajui inahitaji nini mpaka aupitie wote. Baya zaidi, ukikosea herufi moja katika jina la kigezo, kosa halionekani hadi cron iendeshe amri saa nane usiku, wewe umelala.

Kwa hiyo amri itaje mahitaji yake mlangoni, yaani kwenye konstrakta. Kuanzia toleo 6.3 unaandika:

#[Autowire(param: 'app.siku_za_kuhifadhi')] private int $siku

Hapo jina likikosewa, konteina inagoma papo hapo inapojengwa, kabla amri haijagusa faili hata moja. Kwenye matoleo ya nyuma, tangu 3.4, tumia bind chini ya _defaults katika services.yaml. Ipo pia ParameterBagInterface, lakini hiyo naiona kama kurudi kulekule: amri inapewa vigezo vyote ilhali inahitaji kimoja.

Ukiandika konstrakta yako, usisahau kuita parent::__construct(). Ukiisahau, Symfony itakataa kuisajili amri na kulalamika kwamba klasi haikuandaliwa ipasavyo.

Nywila ya hifadhidata ni suala jingine. Thamani ya kigezo cha kawaida huganda ndani ya konteina iliyojengwa na kuhifadhiwa var/cache, kwa hiyo siri ziandikwe kwa %env(...)%, ambayo husomwa programu inapokuwa kazini.

Kabla ya kuipeleka amri kwenye seva, endesha php bin/console debug:container --parameters --env=prod, usome thamani moja moja. Mipangilio ya prod inaweza kutofautiana na ile ya kompyuta yako, na cron itatumia ile ya seva.