Joto la Maziwa na Jibini la Nyumbani

Maziwa hutoka kiweleni mwa ng'ombe yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi za Sentigredi, na ndama anayenyonya huyapokea katika tumbo lenye joto hilohilo. Muda mfupi baadaye maziwa hayo huganda humo tumboni kabla hayajapata hata nafasi ya kuchachuka. Kinachoyagandisha ni kimeng'enya kiitwacho kimosini, ambacho hutolewa na utando wa tumbo la nne la ndama. Ufundi wa jibini ulianza pale binadamu alipojua kukitoa kimeng'enya hicho tumboni na kukitia ndani ya chombo cha maziwa. Dawa ya kugandishia iliyotokana na matumbo hayo ndiyo iitwayo reneti. Mwaka 1874 Mdenmark Christian Hansen alianza kuitengeneza mjini Copenhagen ikiwa na nguvu iliyopimwa. Na mwaka 1990 Marekani iliruhusu kimosini inayozalishwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya ng'ombe. Reneti nyingi inayotumika viwandani leo ni ya aina hiyo ya pili.

Mtu anayejaribu kutengeneza jibini nyumbani hukuta katika kila maelekezo namba za joto: nyuzi 32 hapa, 38 pale, 63 kwingineko. Aghalabu huziona kuwa ni ushauri tu, kama vile kiasi cha chumvi katika mchuzi. Huo ni udhanifu wenye hasara. Kila namba kati ya hizo ni mpaka wa jambo fulani linalotokea ndani ya maziwa, na anayeuvuka bila kujua hupoteza ama jibini ama afya ya walaji.

Asilimia 80 hivi ya protini ya maziwa ya ng'ombe ni kaseini. Kaseini haikuyeyuka kama sukari inavyoyeyuka katika chai, bali huelea katika vitufe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Juu ya kila kitufe pameota kitu mfano wa vinyweleo, navyo vina chaji hasi ya umeme. Kwa kuwa chaji za namna moja husukumana, vitufe hukaa mbalimbali na maziwa hubaki kimiminika. Kazi ya kimosini ni kunyoa vinyweleo hivyo. Vitufe vilivyonyolewa hukosa cha kuvitenganisha. Hushikana, hufanya nyuzi, na nyuzi hufanya wavu unaonasa mafuta na maji ndani yake. Wavu huo ndio bonge la maziwa.

Kazi hiyo ina hatua mbili, wala hatua hizo hazilitazami joto kwa jicho moja. Kunyoa huendelea hata katika baridi, ingawa polepole. Kushikana, kinyume chake, huhitaji uvuguvugu, na chini ya nyuzi 15 hivi karibu hakutokei kabisa. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa urahisi. Maziwa ya nyuzi 5 yatiwe reneti na kuachwa katika friji kwa saa kadhaa; yatabaki kimiminika kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kisha yapashwe taratibu katika maji ya uvuguvugu. Yakikaribia nyuzi 25 au 30 yataganda kwa dakika chache tu, maana kunyoa kulikwisha malizika zamani. Basi yule ambaye maziwa yake hayakuganda kwa sababu ya baridi asikimbilie kuongeza reneti, ambayo ikizidi huleta uchungu katika jibini lililokomaa. Kilichopungua ni joto.

Upande wa pili, mgando huzidi kwenda kasi kadiri joto linavyopanda, hata likafikia nyuzi 40 na kidogo. Ndama apenda hivyo. Mtengenezaji jibini hapendi, kwa kuwa bonge hukazika haraka kuliko kisu kinavyoweza kulikata sawasawa. Tena yeye ana mfanyakazi mwingine wa kumtunza, yaani bakteria wa kuchachua. Yule atumikaye zaidi, Lactococcus lactis, husitawi kwenye nyuzi 30 hivi na hukoma kukua joto likikaribia 40. Nyuzi 30 hadi 32 ni suluhu iliyopatikana baina ya hao wawili. Ikumbukwe pia kwamba kimosini yenyewe huharibika joto likifika nyuzi 55 hadi 60; reneti iliyokorogwa katika maji ya moto imekwisha kufa kabla ya kuingia sufuriani. Hukorogwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa.

Maziwa yaliyochemka

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki maziwa huchemshwa kwanza, nayo ni desturi njema. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na yaweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa inayopanda na kushuka pamoja na maumivu ya viungo, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Jibini laini la maziwa mabichi ni mojawapo ya njia zijulikanazo sana za kuambukizwa brusela. Hata hivyo, anayechukua maziwa aliyoyachemsha vizuri, akayapoza hadi nyuzi 32 na kuyatia reneti, hupata kitu kama uji: hakikatiki, hakitoi maji, na kikimiminwa kitambaani hupenya chote. Mara nyingi hapo lawama huiangukia reneti.

Mkosa ni joto la awali. Mbali na kaseini, maziwa yana protini nyingine ziitwazo za maji, na kubwa kati ya hizo ni laktoglobulini ya beta. Joto likipita nyuzi 70 na kuendelea, protini hii hujifungua umbo lake na kung'ang'ania juu ya vile vitufe vya kaseini, palepale penye vinyweleo. Kimosini hukuta njia imezibwa kwa kiasi, na hata vitufe vinavyonyolewa havishikani vema, kwa kuwa vimevaa koti lisilo lao. Zaidi ya hayo, sehemu ya kalisi inayosaidia kuviunganisha huwa imetoka katika hali ya kuyeyuka. Kuongeza kloridi ya kalisi kidogo, yapata gramu 0.2 kwa lita, husaidia maziwa yaliyopashwa kwa kiasi; hakuponyi maziwa yaliyotokota. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji yamepashwa kupita nyuzi 135 kwa sekunde chache, nayo hayafai kabisa kwa kazi hii.

Basi pana njia nyembamba. Chini yake pana vijidudu vya maradhi. Juu yake pana mgando usiokuwa mgando. Njia hiyo ni nyuzi 63 kwa dakika 30, au, viwandani, nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wembamba wake si maneno ya kutisha watu. Hadi mwaka 1956 kanuni ya Marekani ya kupasha maziwa katika pipa ilikuwa Farenhaiti 143, yaani Sentigredi 61.7. Utafiti ulionyesha kwamba kijidudu cha homa ya Q, Coxiella burnetii, huweza kuponea hapo, na mwaka huo kanuni ikapandishwa hadi Farenhaiti 145, yaani Sentigredi 62.8. Tofauti ni nyuzi moja na ushei.

Kulishika joto

Jiko la mkaa halijui nyuzi 63. Kitako cha sufuria iliyo juu ya makaa hupata moto mwingi mno ilhali maziwa ya juu bado ni vuguvugu. Yaliyogusa chuma huungua na kunata, nayo yaliyo juu hayajasalimika. Dawa yake ni sufuria ndani ya sufuria. Ile ya maziwa hukalishwa katika karai au sufuria kubwa yenye maji, juu ya vijiwe ili isiguse kitako, na maji yafike juu ya usawa wa maziwa. Moto huyapasha maji, nayo maji huyapasha maziwa kutoka pande zote. Maji yakiwa nyuzi 67 au 68 tu, maziwa hupanda polepole na hayawezi kuyapita maji yenyewe. Makaa hupunguzwa maziwa yakifika nyuzi 60, kwa sababu joto lililokwisha kuingia katika maji huendelea kuhama. Dakika 30 huhesabiwa tangu mahali palipopoa kuliko pote pamefika 63. Povu la juu huondolewa, maana huwa baridi kuliko maziwa, na mfuniko huwekwa kila isipokuwa wakati wa kukoroga.

Kipimajoto cha hospitali hakifai. Hukoma kwenye nyuzi 42. Cha zebaki nacho kisikaribie chakula. Kinachotakiwa ni kile cha spiriti au cha tarakimu chenye kufika nyuzi 100, nacho kipimwe kwanza katika maji yanayotokota. Wanafunzi wa Mbeya au Nairobi wasishangae kikisoma nyuzi 94 au 95 badala ya 100: kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, na kipimajoto hakina kosa. Ama mkono, huo si kipimajoto. Ngozi yenyewe ina joto la nyuzi 33 hivi, kwa hiyo maziwa ya nyuzi 32 huonekana kama hayana joto wala baridi, na aliyetoka kuosha vyombo kwa maji baridi atayaona ya moto.

Kupoza nako kwahesabika. Chukua lita 10 za maziwa, yaani kilo 10.3, zenye nyuzi 63, uzizamishe katika lita 20 za maji ya nyuzi 20. Kilo moja ya maziwa huhitaji kilojuli 3.9 kupanda nyuzi moja. Ya maji, 4.18. Joto litakalotoka katika maziwa ni sawa na litakaloingia majini, na mwanafunzi akiiandika milinganyo hiyo atapata kwamba vyote viwili hutulia kwenye nyuzi 34. Yaani karai moja la maji ya bomba karibu latosha kuyafikisha maziwa kwenye joto la reneti. Sufuria yenyewe na hewa hazikuhesabiwa hapa, na kulipima kosa hilo ni zoezi zuri la maabara.

Ugumu wa jikoni unatokana na udogo wa chombo. Maelekezo mengi ya jibini yalizaliwa katika mapipa ya lita mamia au maelfu. Chombo kikikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kina, eneo lake huongezeka mara nne lakini ujazo wake mara nane. Hivyo pipa kubwa hupoa polepole, na sufuria ya lita 5 hupoa upesi. Nayo maziwa yaliyotiwa reneti hayaruhusiwi kutikiswa kwa dakika 30 hadi 45, wala kurudishwa motoni. Kwa hiyo yaachwe katika karai lile lile, maji yakiwa na nyuzi 33, na yote yafunikwe blanketi. Maji mengi yanayozunguka huifanya sufuria ndogo iwe na tabia ya pipa kubwa.

Kupasha bila moto

Bonge likikatwa vipande, joto hupewa kazi mpya: kuvibana vipande ili vitoe maji. Cheddar hupandishwa hadi nyuzi 38 au 39, Emmental ya Uswisi hadi 52 au 53, na kadiri joto lilivyo juu ndivyo jibini linavyokuwa kavu na la kudumu. Haraka hapa huharibu. Vipande vikipatwa na joto la ghafla hufanya ngozi ngumu nje, na maji yaliyo ndani hufungiwa humo yakachachuka.

Katika milima ya Masisi, mashariki ya Kongo, wafugaji hutengeneza jibini la namna ya Gouda ya Uholanzi katika vibanda visivyo na umeme, na kuliuza Goma na kwingineko. Aina hiyo yafaa mno mahali pa kuni, kwa kuwa hupashwa kwa kumiminiwa maji ya moto na si kwa kuwekwa motoni. Sehemu ya maji ya mgando hutekwa, na badala yake hutiwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa kiasi. Tuseme chombo cha lita 10 kina nyuzi 31, zikatekwa lita 3, na kwa kidogo kidogo zikatiwa lita 2 za maji ya nyuzi 60. Saba mara 31 ni 217. Mbili mara 60 ni 120. Jumla ikigawanywa kwa 9 huwa nyuzi 37 na nusu. Ndilo joto lenyewe linalotakiwa. Maji hayo pia huondoa sukari ya maziwa, bakteria wakakosa cha kuchachua, na jibini likawa tamutamu.

Shule isiyo na vifaa vingi yaweza kuanza na gilasi nne, kila moja ikiwa na maziwa kwenye nyuzi 32: ya kwanza yaliyopashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, ya pili yaliyochemshwa dakika 10, ya tatu ya pakiti, ya nne kama ya pili. Tatu za mwanzo zitiwe reneti kwa kiasi kimoja. Baada ya dakika 40 kisu kitapasua bonge safi katika gilasi ya kwanza, na maji ya kijani-manjano yatajaa ufani; katika ya pili na ya tatu kitatoka na utelezi. Gilasi ya nne isitiwe reneti. Maziwa yake yarudishwe hadi nyuzi 85 na kukamuliwa ndimu. Hapo kaseini pamoja na zile protini za maji zilizoing'ang'ania huanguka zote kwa mara moja, na kinachobaki kitambaani ni jibini jeupe ambalo Wahindi huliita paniri, nalo halikuhitaji ndama wala nyuzi 32.