Kutembea Kunaamsha Nyama za Miguu

Mama mpenzi, ukianza kwenda soko kwa miguu kutoka Kabondo, siku za kwanza unahema. Baada ya juma kadhaa unafika bila kuchoka sana. Sababu gani?

Ndani ya chembe za nyama ya mguu mna maagizo tuliyorithi kwa wazazi, yanaitwa jeni. Ukitembea, mengine yanaamka na kuamuru chembe ijenge mitokondria, ndiyo majiko madogo ya kuchoma sukari na mafuta. Mwaka 1967, munganga Holloszy wa Marekani alionyesha kwamba panya waliozoezwa kukimbia waliongeza nguvu ya majiko hayo karibu mara mbili.

Tena nyama inayofanya kazi huvuta sukari kutoka damu, hata insulini ikiwa dhaifu. Kwa hiyo kutembea kunamsaidia mwenye ugonjwa wa sukari.

Lakini maagizo hayo hulala tena upesi. Basi, tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kila juma. Kulima nako kunahesabiwa.

Angalisho: Usiache dawa zako za sukari. Mwenye mimba au maumivu ya kifua aulize munganga kwanza.

Mungu alitupa miguu, wamama, tusiiache ilale.